Chanjo Ilikotoka na Jinsi Inavyokinga



Kabla ya kuanza, kunja kidogo mkono wa shati lako utazame juu ya mkono, karibu na bega. Wengi wenu mtaona kovu dogo. Kwa vijana, hilo ni kovu la chanjo ya kifua kikuu waliyopewa wakiwa wachanga. Kwa wazee huenda ni kovu la ndui. Kila kovu la namna hiyo ni ushahidi kwamba kuna ugonjwa uliopigwa teke kabla haujabisha hodi.

Leo tutazungumza juu ya chanjo: ni nini, imetoka wapi, na inakinga namna gani. Nimeichagua habari hii kwa sababu ya deni. Deni lenyewe si la fedha, ni la maelezo, nami nadaiwa na mama mmoja wa hapa kwetu Picha ya Ndege, Kibaha.

Nilikuwa bado mgeni katika kazi ya ushauri. Mdondo, au kideri kama wengi wanavyouita, ulikuwa umeingia mtaani. Kuku wa jirani walikuwa wanaharisha kijani, wengine wamepinda shingo. Mama huyu alikuwa na kuku kama arobaini. Akaniita, "Mwanangu, njoo unichanjie kuku kabla hawajaisha." Nikatazama, nikawaona wanachakura kama kawaida. Nikachukua chanjo, nikawatia tone moja moja jichoni. Nikaondoka nikijiona nimefanya kazi.

Siku ya tatu kuku wakaanza kulala. Wiki haikwisha, walibaki watatu. Nilipokwenda kumpa pole, nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa taabu, kisha akaniambia, "Bwana shamba, dawa yako ndiyo iliyoua." Kuku wale ndio waliokuwa wanunue sare na madaftari ya watoto wake. Sikuwa na jibu. Au tuseme jibu nilikuwa nalo, ila sikuwa najua namna ya kulieleza mbele ya tenga tupu. Basi ngoja nilieleze leo, tangu mwanzo wake.

Neno lenyewe

Kwa Kiswahili, kuchanja ni kupasua au kukata kidogo. Tunachanja kuni, na waganga wetu huchanja chale. Chanjo ilipewa jina hili kwa sababu zamani haikuwa sindano wala tone la jichoni. Mtu alichanjwa ngozi kidogo, kisha akapakwa kitu pale palipochanjwa.

Tena, jambo hili si geni kwa Mwafrika. Mwaka 1721 ndui iliingia katika mji wa Boston, Marekani. Mchungaji mmoja, Cotton Mather, alikuwa na mtumwa Mwafrika aliyeitwa Onesimus. Onesimus alikuwa amekwisha kumweleza bwana wake kwamba kwao Afrika alichanjwa ngozi na kutiwa usaha kidogo wa ndui, akaugua kidogo tu, na tangu hapo ndui haikumrudia. Daktari Zabdiel Boylston akaijaribu njia hiyo. Katika kila watu 100 aliowachanja, walikufa kama 2. Katika kila watu 100 walioupata ugonjwa wenyewe bila kuchanjwa, walikufa kama 14.

Sasa hapo utaona faida, na hatari yake pia. Wale 2 walikufa kwa sababu walitiwa ugonjwa wenyewe, ukiwa mzima na mkali. Dunia ilihitaji njia ya kuufundisha mwili bila kuuhatarisha kiasi hicho.

Kutoka kwa ng'ombe na kuku

Mwaka 1796 huko Uingereza, daktari Edward Jenner aliufanyia kazi usemi wa watu wa vijijini. Walisema kwamba mkamuaji aliyewahi kupata ndui ya ng'ombe mikononi haugui ndui ya watu. Jenner akachukua majimaji ya kidonda cha mkamuaji, akamchanja mtoto wa miaka 8. Baadaye akamtia ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. Leo hakuna anayeruhusiwa kumjaribu mtoto namna ile, lakini somo lilipatikana: mdudu mpole anaweza kuufundisha mwili kumpiga ndugu yake mkali. Ndiyo maana Wazungu wengi huiita chanjo kwa neno lililotokana na jina la Kilatini la ng'ombe.

Kisha ikaja zamu ya kuku. Huko Ufaransa, Louis Pasteur alikuwa akichunguza kipindupindu cha kuku. Katika mwaka 1879 hadi 1880, yeye na wenzake waligundua kwamba vijidudu vilivyokaa muda mrefu ndani ya chupa vilikuwa vimepungua ukali. Kuku waliodungwa vijidudu hivyo hawakufa. Na walipodungwa baadaye vijidudu vipya na vikali, bado hawakufa, ilhali kuku wageni walikufa. Kwa hiyo Pasteur akajua kwamba binadamu anaweza kumdhoofisha mdudu kwa makusudi, akamgeuza kutoka adui kuwa mwalimu.

Mwaka 1881 akaithibitisha habari hiyo hadharani kwa ugonjwa wa kimeta, katika shamba moja la kijiji cha Pouilly-le-Fort. Kondoo 24 walichanjwa, kondoo 24 wengine wakaachwa. Tarehe 31 Mei wote wakatiwa vijidudu vikali vya kimeta. Tarehe 2 Juni watu walikusanyika kutazama. Kondoo ambao hawakuchanjwa walikuwa wamekufa au wanakata roho. Waliochanjwa walikuwa wamesimama. Hilo, ndugu mkulima, lilikuwa shamba la mfano kama yale tunayowaonyesha ninyi: huku mbolea, huku hakuna mbolea, njoo utazame mwenyewe.

Msiba wa sotoka

Turudi nyumbani. Wakati Ulaya wanayajua hayo, sisi tulikuwa tunaelekea kwenye msiba. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, uliingia katika Pembe ya Afrika mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa na jeshi la Waitalia. Ukashuka kusini. Kufikia mwaka 1891 ulikuwa umeingia Umasaini na nchi ambayo leo ni Tanzania. Kabla karne haijaisha ulikuwa umefika kusini kabisa mwa bara. Sehemu nyingi, katika kila ng'ombe 10 walikufa 8 au 9. Nyati na wanyama wengine wa porini nao waliteketea.

Ng'ombe akiisha, maziwa yameisha, mahari imeisha, samadi imeisha. Njaa ikafuata, na nyuma ya njaa ikaja ndui kuwamaliza waliodhoofika. Wamasai wanakiita kipindi kile Emutai, maana yake kufagiliwa kabisa. Malisho yaliyokosa ng'ombe yakageuka vichaka, na katika vichaka mbung'o akajenga. Kwa hiyo ugonjwa mmoja uliwafungulia wenzake mlango.

Je, dawa ilikuwa wapi? Haikuwapo. Wataalamu walihangaika miaka mingi. Mwaka 1896 Robert Koch, Mjerumani, alikwenda Afrika Kusini akajaribu nyongo ya ng'ombe waliokufa kwa sotoka. Baadaye wakatumia maji ya damu ya ng'ombe waliopona. Baadaye tena, huko India, vijidudu vya sotoka vilipitishwa katika mbuzi mpaka vikapungua ukali. Njia zote hizo zilisaidia, lakini kila moja ilikuwa na kasoro yake.

Jibu lenyewe lilipatikana jirani hapa Muguga, Kenya. Walter Plowright na wenzake walichukua kirusi cha sotoka, wakakilea katika chembe hai ndani ya vyombo vya maabara, wakikihamisha kutoka chombo hadi chombo, mara 90 hivi. Kikafika mahali hakiwezi tena kumuugusha ng'ombe, lakini bado kinaweza kuufundisha mwili wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chanjo ilikuwa tayari. Ilikuwa rahisi kutengeneza, ilimfaa ng'ombe wa kila aina, na sindano moja ilimkinga maisha yake yote.

Tulipoacha mapema

Mwaka 1962 ilianza kampeni ya pamoja ya nchi nyingi za Afrika. Ng'ombe walikusanywa mabomani, wakapangwa foleni, wakachanjwa. Kufikia mwaka 1976, kampeni hiyo ilipokwisha, sotoka ilikuwa imebaki sehemu chache sana.

Na kuna jambo la ajabu lilitokea kule Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni 1. Nani aliwachanja nyumbu? Hakuna. Waliochanjwa walikuwa ng'ombe wa jirani zao. Sotoka ilipokosa ng'ombe wa kumpanda, ilikosa njia ya kuwafikia nyumbu. Hii ndiyo kinga ya kundi. Ukichanja wako na jirani akachanja wake, mnamfungia adui barabara, hata yule mmoja aliyekosa chanjo anapata kivuli chenu.

Lakini ugonjwa ukiisha machoni, hofu nayo huisha. Mataifa mengi yalilegea. Fedha zikapungua, chanjo zikakosekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka ikatoka katika vichochoro ilikojificha ikaenea upya Afrika. Mwaka 1982 ilionekana tena kaskazini mwa Tanzania, ikiua nyati. Ikabidi kazi ianzishwe upya mwaka 1986, safari hii kwa kufuatilia kila kichochoro, na kwa chanjo iliyovumilia joto vizuri zaidi ili ifike kwa wafugaji wa mbali. Mwaka 2001 ugonjwa ulionekana mara ya mwisho, kwa nyati wa Meru, Kenya. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha. Ni ugonjwa wa pili kufutwa duniani. Wa kwanza ni ndui, ambayo mgonjwa wake wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na kufutwa kwake kukatangazwa mwaka 1980.

Magonjwa mawili yaliyozika watu na mifugo kwa karne nyingi, leo mtoto anayasoma darasani tu.

Inafanyaje kazi?

Sasa tuingie ndani ya mwili wenyewe. Mwili wa mtu, ng'ombe au kuku una askari wake katika damu. Kila siku wanafukuza wadudu. Lakini adui mgeni anapoingia mara ya kwanza, askari hawamjui. Inabidi wamtazame, wamsome, watengeneze silaha za kumfaa yeye. Kazi hiyo inachukua siku nyingi. Magonjwa makali kama mdondo hayasubiri. Askari wanapomaliza kunoa mapanga, mwenye nyumba amekwisha kufa.

Chanjo ni kumwonyesha askari sura ya adui kabla adui hajaja. Baadhi ya chanjo zina mdudu hai aliyedhoofishwa, kama ile ya sotoka. Nyingine zina mdudu aliyeuawa kabisa, au vipande vyake tu. Nyingine zina mdudu mpole kwa asili, kama ndui ya ng'ombe. Njia ni tofauti, kusudi ni moja. Askari wanamsoma, wanatengeneza silaha, na wengine wanabaki wakimkumbuka. Adui wa kweli akija, anakuta watu wako mlangoni.

Kumbukumbu hiyo haidumu sawa kwa magonjwa yote. Kwa sotoka ilikuwa ya maisha. Kwa mdondo ni ya miezi michache, ndiyo maana tunarudia. Tena, askari aliyemsoma mwizi mmoja hamjui mwizi mwingine. Chanjo ya mdondo haikingi ndui ya kuku, wala homa ya matumbo ya kuku. Mfugaji anaweza kusema, "Nilichanja, mbona wamekufa?" Tuulize kwanza: walikufa kwa nini?

Na yako magonjwa ambayo mpaka sasa chanjo yake haijapatikana. Wazee wa Kibaha na Kisarawe wanajua kwa nini pwani yetu ilikuwa na ng'ombe wachache na kuku wengi. Ni mbung'o na ugonjwa wake wa nagana. Kijidudu cha nagana kina ujanja wa kubadili joho. Askari wakimzoea kwa joho hili, anavaa jingine. Kwa hiyo huko tunapigana na mbung'o mwenyewe, na kumtibu mnyama, si kwa chanjo.

Kuku wa Kibaha

Mdondo ulitambuliwa na wataalamu mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na kwa lugha nyingi unaitwa kwa jina la mji huo. Chanjo zake za zamani zilikuwa nzuri kwa mashamba makubwa yenye jokofu. Kwa mwenye kuku kumi na mbili wa kienyeji, chupa ya dozi 1,000 inayoharibika kwa joto ilikuwa hasara tupu.

Huko Australia, Peter Spradbrow na wenzake walitafuta kirusi cha mdondo kilicho kipole kwa asili na kinachovumilia joto. Walichokipata kilipewa jina la I-2, na mbegu yake ikagawiwa kwa nchi zinazoendelea zitengeneze chanjo zenyewe. Kwetu kazi ilifanyika katika maabara ya mifugo ya Temeke, pale ambapo watu wa Dar es Salaam wanapaita Veterinari. Siku hizi Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo cha kutengeneza chanjo hapa hapa Kibaha. Chanjo ya mdondo, ya kimeta, ya chambavu na nyingine zinatoka kwetu. Mji uliopokea Mradi wa Nordic mwaka 1963, ukafundisha wakulima na wanafunzi, sasa unafundisha askari wa damu ya kuku.

Ndugu mfugaji, kumbuka haya:

1. Chanja kuku wazima tu. Usingoje ugonjwa ufike kwa jirani.

2. Tia tone moja katika jicho moja. Ngoja kuku apepese jicho ndipo umwachie. Chanja wote, wakubwa na vifaranga.

3. Kinga haiji siku ile ile. Hesabu kama wiki mbili.

4. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Andikeni tarehe ukutani, mchanje mtaa mzima siku moja.

5. Kuvumilia joto si kukaa juani. Ibebe chanjo katika ubaridi, ifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, ifiche jua. Fuata maelezo ya kwenye chupa na usitumie iliyopitwa na tarehe.

6. Chanjo haifagii banda. Kuku mgeni mtenge kwanza, na mzoga uzike au uuchome. Kuku mgonjwa asiuzwe, maana kumuuza ni kuusafirisha ugonjwa kwa basi.

Jibu kwa mama

Sasa mama, jibu langu ni hili. Chanjo haikuua kuku wako. Mdondo ulikuwa umekwisha kuingia ndani yao siku chache kabla, ila ulikuwa haujaonekana. Nami nilijua kwamba kinga inataka kama wiki mbili, ugonjwa wenyewe unataka siku chache tu. Pengine mikono yangu na viatu vyangu, kwa kutoka banda hili kwenda lile, vilisaidia kuueneza. Nilipaswa kukuambia, "Mama, leo tumechelewa." Sikusema. Nilitaka kuonekana mtaalamu. Kosa hilo ni langu, si la chanjo.

Mama yule hakuja siku iliyofuata ya kuchanja. Miezi mitatu baadaye alisimama kwenye ua wake akitazama tukichanja kwa jirani. Mara ya tatu akaniita. Alikuwa amewalea wale watatu mpaka wakawa kundi. Akasema, "Chanja. Lakini wakifa, utanilipa." Nikakubali, mashahidi wakiwapo. Nikawashika mmoja mmoja. Wiki mbili nikawa nalala kwa wasiwasi kuliko yeye.

Hawakufa. Msimu ule mdondo ulipita mitaa ya jirani, na kwake alipoteza kifaranga mmoja aliyechukuliwa na mwewe. Hilo nilimwambia silipi.

Ndugu mkulima, kinga ni bora kuliko tiba, tena kwa mdondo tiba yenyewe haipo. Wazee wetu wa mwaka 1891 wangetoa nusu ya ng'ombe wao kupata chupa moja ya sotoka, wasingeipata. Wewe chupa iko Kibaha. Muulize bwana mifugo wako siku ya kuchanja, umwambie na jirani. Asipokuja mara ya kwanza, usimcheke. Mwache asimame kwenye ua atazame.